Ndugu Anayetaka Kuona Salio

Nina ndugu wa kila aina. Yupo anayekopa akasahau, yupo anayeukumbuka ukoo pale tu anaposikia kuna ubwabwa, yupo ambaye simu yake ikiita usiku najua kuna faini ya trafiki mahali. Lakini hata mmoja wao hajawahi kuniambia, "Karibu nyumbani, kaka, ila uje na taarifa ya benki ya miezi mitatu." Ndugu wa namna hiyo nimepewa na jiji langu.

Jiji langu ni Mwanza, na ndugu yake ni Würzburg, mji wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Walifungishwa undugu mwaka 1966, kwa hiyo undugu wenyewe una umri mkubwa kuliko wengi wanaousherehekea. Ukipanda Bugando utakuta hata barabara yenye jina la Wurzburg, ingawa ukimtajia bodaboda atakuuliza kama ni baa mpya. Mwanza, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya milioni moja ukijumlisha Nyamagana na Ilemela. Würzburg ina watu wapatao 130,000. Kwetu hao ni wa kata chache tu, ila wao wana tramu, wana chuo kikuu kilichoasisiwa mara ya kwanza 1402, na wana mashamba ya mizabibu yanayoteremka mlimani hadi karibu na reli.

Basi ukaja mwaliko wa sherehe ya undugu, nami nikaingizwa kwenye msafara kwa jina la "vyombo vya habari". Hapo ndipo mateso yalipoanza. Ada ya viza euro 90. Barua ya mwajiri. Tiketi ya kurudi. Bima ya matibabu ya euro 30,000, na naapa tangu nizaliwe hakuna aliyenithamini kwa kiasi hicho. Hata siku ya mahari mlipaji nilikuwa mimi. Kisha taarifa ya benki. Karani aliisoma yote, akanitazama kwa huruma, akagonga muhuri polepole kana kwamba anaogopa kuuumiza. Fomu ilinitaka pia nithibitishe kwamba nitarudi. Nikaambatisha hati ya kiwanja na cheti cha ndoa. Ningeweza ningemwambatisha mke mwenyewe, maana ndiye shahidi wa jinsi nisivyoweza kukaa mbali na ugali.

Yule ndugu akija kwetu anatoa dola 50, anagongewa muhuri, jioni yuko kando ya Ziwa Victoria anakula sato.

Tuliofaulu mtihani huo ni hawa: mkuu wa msafara, msaidizi wa mkuu wa msafara, mbeba mkoba wa msaidizi, ofisa itifaki, mwingine wa kumkumbusha ofisa itifaki, wajumbe wa kamati, na mimi. Walioanguka ni kikundi cha ngoma ya bugobogobo, ambacho kwenye barua ya mwaliko kilitajwa kabla ya sisi wote. Akaunti zao zilikuwa na salio la watu wanaocheza ngoma. Majembe yao, kwa kuwa hii ni ngoma ya wakulima wa Kisukuma na haichezwi bila jembe, yalishafungashwa kwenye kreti pamoja na ngoma na kulipiwa uzito. Yakasafiri. Sijui kama kuna nchi nyingine inayoweza kupeleka sherehe majembe ikawaacha wachezaji nyumbani, lakini sisi tuliweza.

Tulishonewa sare ya kitenge, buluu yenye samaki, na kila mmoja alichangia kitambaa kwa bei ambayo mpaka leo sijaielewa. Sare hiyo haikuonekana na mtu. Mwezi Mei wa kwao una mvua na ubaridi wa kuuma meno, kwa hiyo samaki wetu wote walishinda chini ya makoti. Langu nililinunua Mlango Mmoja, kwenye mitumba, na lilipofika Ujerumani nikagundua lebo yake ni ya Kijerumani. Lilikuwa linarudi kwao. Lililala mezani kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege bila wasiwasi wowote, huku mimi mwenye koti nikiulizwa ninakwenda wapi, kwa nani, kwa muda gani, na nina fedha taslimu kiasi gani.

Kutoka Frankfurt tukapanda treni. Ilichelewa dakika arobaini na mwenyeji wetu aliona aibu, akatuomba radhi tena na tena. Hatukuelewa anaombea radhi kitu gani. Sisi tulikuwa bado tunanyoosha miguu. Ndani ya treni, huku vilima na vijiji vikipita dirishani vizuri kama kalenda ya ukutani, mjadala wa msafara ulikuwa mmoja: je, siku ya kusafiri inahesabiwa posho kamili au nusu? Kama kuna mtu alitazama nje, si wa msafara wetu.

Niseme neno kuhusu chakula, kisha nisirudie. Mei ni majira ya asparaga, ile nyeupe, na watu wa pale wanaila kwa ibada mpaka tarehe 24 Juni. Tulipewa asparaga na siagi, asparaga na viazi, supu ya asparaga. Jioni wanakula mkate wa baridi na jibini na kulala salama. Ukiomba maji unaletewa maji yenye gesi, ukifafanua kwamba unataka maji hasa, unaletewa yenye gesi pungufu. Msaidizi wa mkuu alikuwa amebeba unga kilo mbili na dagaa wa kukaanga, na usiku wa kwanza alijaribu kusonga ugali ndani ya birika la umeme la hoteli. Birika lilikufa. Asubuhi yake ofisa itifaki alilipeleka mapokezi limefungwa kwenye taulo, kwa heshima zote.

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa jiji, katika jengo la Grafeneckart lenye mnara, ambalo baraza la mji limelikalia tangu karne ya 14. Ratiba iliandikwa kwa dakika. Hotuba, dakika sita. Muziki wa fidla, dakika nne. Kusaini Kitabu cha Dhahabu, dakika kumi. Ngoma ya asili kutoka Mwanza, dakika saba. Niliposoma mstari huo wa mwisho nilimtazama ofisa itifaki, naye akamtazama yule wa kumkumbusha.

Lakini kwanza palikuwa na suala la viti. Würzburg ina ndugu wengi: Caen ya Ufaransa na Dundee ya Uskoti wa tangu 1962, Rochester ya Marekani wa 1964, kisha sisi, halafu wakaja Otsu ya Japani 1979, Salamanca ya Hispania 1980, na wengine baada yao. Wenyeji wakatupanga kwa alfabeti. Mkuu wa msafara akakuta amewekwa safu moja na Otsu. "Huyu nimemzidi miaka kumi na mitatu," akanong'ona, tena kwa uchungu wa kweli. "Kwetu mdogo hakai sambamba na kaka yake kwenye shughuli ya ukoo." Akamtaka ofisa itifaki alifikishe hilo kwa wenyeji. Ofisa itifaki akaenda, akazungumza, akarudi na chupa ya maji yenye gesi.

Wakati huo mzungumzaji alikuwa anaeleza habari ya tarehe 16 Machi 1945. Usiku ule ndege za Uingereza ziliumwagia mji huu mabomu kwa muda usiofika dakika ishirini, zikateketeza karibu asilimia 90 ya majengo ya mji wa kale, na watu wapatao 5,000 wakafa. Kila mwaka, tarehe hiyo, kengele za makanisa yote hulia saa ileile ya usiku. Miaka kumi na saba tu baadaye mji huohuo ukafunga undugu na Dundee, ambao ni Waingereza wale wale, au jamaa zao wa karibu mno. Mskoti aniwie radhi. Mgeni wa Dundee alikuwa amekaa mbele yangu na sketi yake ya heshima, ameinamisha kichwa. Mkuu wa msafara naye aliisikiliza tafsiri yote, akanyamaza, na habari ya kiti hakuigusa tena kwa takriban robo saa.

Kitabu cha Dhahabu hakina dhahabu. Ni kitabu kikubwa cha kusainiwa na wageni, kurasa nzito, na kalamu ya wino inayotaka mkono mwepesi. Mkuu wetu ana saini ya kujaza hundi mbili. Aliimwaga pale kwa utulivu, mikunjo na mikia yote, hadi mgeni wa Otsu aliyesimama nyuma yake akageukia dirisha. Kisha zawadi. Sisi tulitoa sangara wa mbao wa urefu wa mkono mzima. Wao walitoa kitabu cha picha za mji, cha Kijerumani, chenye uzito wa mtoto wa miezi mitatu. Kila mjumbe alipewa chake, na wakati wa kurudi kila mjumbe alilipia kilo zilizozidi uwanja wa ndege.

Ndipo ikafika zamu ya ngoma. Majembe yalikuwa yamepangwa mbele, yanameta, na ukumbi mzima umetulia kusubiri. Mkuu wa msafara alisimama kutoa maelezo kwamba wasanii wamepata "changamoto". Mkalimani, sijui alitafsiri nini, maana watu walipiga makofi na kutuangalia sisi. Hapakuwa na njia ya kutokea. Tukavua makoti, samaki wa buluu wakaonekana kwa mara ya kwanza Ulaya, na kila mtu akashika jembe.

Mimi nimekulia Mwanza lakini bugobogobo nimeicheza kwa macho tu. Mbeba mkoba alikaa kwenye ngoma, na kumbe ndiye pekee aliyejua kazi. Alizipiga mpaka vioo vikaitika. Sisi tuliobaki tuliinama, tukalima zulia. Mjumbe mmoja mwenye kisukari alilima kwa awamu. Bugobogobo yenyewe ina sehemu ambapo mchezaji hulirusha jembe juu, likazunguka, akalidaka, na ofisa itifaki, mtu ambaye safari nzima hakufanya jambo bila kulithibitisha kwa maandishi, akaamua kulirusha. Kulidaka hakulidaka. Sakafu ya mbao ya watu ina alama. Ukumbi uliruka kwa shangwe, wakidhani ndiyo kilele chenyewe, na mgeni wa Dundee akaniuliza baadaye, kwa adabu kabisa, kama ile ni ngoma ya vita.

Kesho yake tulipelekwa kutembezwa. Tuliingizwa kwenye kasri la maaskofu watawala wa zamani, Residenz, ambalo UNESCO ililiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Juu ya ngazi zake kuna dari lililochorwa na Mwitalia Giovanni Battista Tiepolo mwaka 1752 na 1753, zaidi ya mita za mraba 600 za picha, na dari hilo lilipona mabomu ya 1945. Mabara manne yamo. Afrika ni mwanamke juu ya ngamia, na pembeni Mto Nile amechorwa kama mzee aliyejilaza. Tiepolo hakuwahi kukanyaga Afrika. Mzee Nile yuko pale miaka mia moja na ushei kabla ya mpelelezi Mwingereza Speke kufika Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, akalitazama ziwa letu na kuamua kwamba hilo ndilo chanzo cha mto huo. Nilijaribu kumweleza kiongozi wa ziara kwamba huyo babu pale juu maji yake anayapata kwetu. Akatabasamu, akatazama saa, akasema bustani inafungwa.

Kisha daraja. Daraja lao la zamani juu ya mto Main lina sanamu kumi na mbili za watakatifu na wafalme, na jioni watu husimama pale na bilauri za mvinyo mweupe, wanazungumza, hakuna anayesukumana. Mvinyo wenyewe huuzwa kwenye chupa bapa za mviringo. Mwenyeji alituonyesha mto akasema kwa fahari, "Main." Tukatazama. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa la kilomita za mraba 68,000 na zaidi hana la kusema mbele ya mto wa namna ile. Mkuu wa msafara aliuliza kama huku ndiko unakoanzia. Nasi tukataja daraja la kwetu, la Kigongo na Busisi, kilomita tatu, lililofunguliwa 2025. Mwenyeji akauliza kama watu husimama juu yake jioni kunywa mvinyo. Tukabadilisha mazungumzo.

Na hapo darajani ndipo nilipomkuta ndugu wa kweli. Bibi mmoja wa Kijerumani, mkongojo mkononi, aliona kitenge kikichungulia chini ya koti akanisimamisha.

"Mwangaluka!"

Nilishtuka kusikia salamu ya Kisukuma, nusura niangukie mtakatifu. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sato kilo moja siku hizi bei gani?"

Alikuwa muuguzi Bugando miaka ile hospitali ikiwa mpya; ilifunguliwa 1971. Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza kabisa, na cha zamani, maneno ambayo siku hizi nayasikia kwa wazee wa Kirumba tu. Akaniuliza habari za Makoroboi, za Capri Point, kama Jiwe la Bismarck bado limekaa vilevile bila kuanguka. Nikamwambia lipo, na jina la Mjerumani wao bado linapigwa picha kila Jumapili na maharusi.

"Na ninyi mmekuja wangapi?" akauliza. Nikamtajia msafara, cheo kwa cheo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Muuguzi yupo?"

"Hapana, bibi."

"Daktari? Fundi wa mashine? Mtu wa maji?"

"Hapana."

"Kila mara mnakuja wa suti," akasema, bila ukali. Akanieleza kwamba ana binti wa ubatizo Mwanza, mkunga, na alimwalika aje amtembelee kabla hajafa. Viza ilikataliwa. Hakuthibitisha kwamba atarudi. "Mimi nilipokwenda kwenu sikuthibitisha, nikakaa miaka sita. Hakuna aliyelalamika."

Akanipeleka sokoni, kwenye meza ya samaki, akanionyesha kwa mkongojo. Kwenye barafu, kati ya samoni na chewa, palikuwa na minofu minene ya rangi ya waridi na kibao kimeandikwa Viktoriabarsch. Ni sangara. Sangara wetu, wa ziwa letu, kwa bei iliyoandikwa kwa gramu 100 ili mnunuzi asizimie. Nyumbani minofu hiyo tunaiona ikipita kwenye magari ya baridi, sisi tunabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa, tunayakaanga na kumshukuru Mungu. Nilisimama pale nikamtazama yule samaki. Hakuna aliyemwuliza salio, wala hati ya kiwanja, wala kama ataondoka viza ikiisha. Amekuja na barafu yake, amekaribishwa, na watu wamepanga foleni kumchukua nyumbani.

Ukitaka kujua undugu huu una faida gani, usiangalie ukumbini. Pale Würzburg kuna taasisi ya tiba ya kimisionari ya tangu 1922 ambayo imeshirikiana na Bugando kwa miaka mingi, madaktari kwa madaktari, bila kitenge cha sare. Mji huohuo ndiko Wilhelm Conrad Röntgen alikogundua eksrei, tarehe 8 Novemba 1895, akapata tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia mwaka 1901. Maabara yake ipo wazi kwa wageni na haikuwa kwenye ratiba yetu, kwa kuwa ratiba yetu ilikuwa na saa mbili za manunuzi. Wapo wagonjwa wetu wanaoambiwa mashine ya picha imeharibika, warudi wiki ijayo. Fundi wa hiyo mashine angekaa Würzburg wiki mbili akajifunza kuitengeneza, ningemchangia ada ya viza mwenyewe, euro zote 90.

Basi nawaomba mnaopanga orodha, ninyi wa kwetu na ninyi wa kwao. Safari ijayo mpelekeni fundi eksrei. Mpelekeni mkunga, akamwone mama yake wa ubatizo. Mpelekeni mtu wa mitaro, mzoa taka, nahodha wa kivuko, na wale wachezaji wa bugobogobo, ambao majembe yao yana safari nyingi kuliko wao. Na ninyi mnaogonga mihuri, mkiona barua ya mwaliko ya ndugu wa tangu 1966, isomeni hadi mwisho kabla ya kufungua taarifa ya benki. Sisi wa suti tubaki Mwanza, tuna kazi nyingi: bado tunaandika ripoti ya safari, ukurasa wa pili, na posho ya siku ya kurudi hatujalipwa.